Tarakimu Sita Zisizo na Mita

Leo tuzungumze kuhusu zile namba sita zinazoingia kwenye simu unapofungua WhatsApp upya, unapoingia kwenye barua pepe, au unapotaka kujua maombi yako ya kazi yamefikia wapi. Wengine wanaziita OTP. Mimi nitaziita namba za uthibitisho na tutaelewana.

Naanza na umeme. Hapa Kimara, toka Korogwe na Baruti mpaka Mwisho, kisha Stop Over, Suka na Temboni, nyumba nyingi zina wapangaji watano sita wanaochangia mita moja ya LUKU. Umeme ukiisha, mmoja ananunua, zile tarakimu 20 anazitupa kwenye grupu la wapangaji au anazisoma kwa sauti dirishani, na mwenzake yuko kwenye mita anabonyeza. Hakuna anayeogopa, na kweli hakuna cha kuogopa. Namba ya LUKU imetengenezwa kwa ajili ya mita moja tu. Jirani wa ng'ambo ya ukuta akiisikia na kuibonyeza kwake, mita yake itaikataa. Tumeishi hivyo miaka mingi, hadi kusomeana namba kumekuwa sehemu ya ujirani mwema.

Namba ya uthibitisho haina mita. Haijui imetumwa kwa nani. Inamfungulia yeyote atakayewahi kuiandika, uwe wewe uliyeko Kilungule, awe mtu aliyekaa mkoani ambaye hujawahi kumwona. Ndiyo maana siwapendi wanaosema kwamba wanaotapeliwa ni wajinga. Nimewajua walimu, wahasibu na wazee wa kanisa waliosoma namba hizo kwa watu wasiowajua. Walikuwa wanafanya walichofanya kila mwezi kwenye umeme: mwenzako anaomba namba, unamsomea.

Ujumbe wenyewe huja hivi. Jumapili mchana, kwenye WhatsApp, kutoka kwa mtu unayemfahamu: shemeji, katibu wa kikoba, mwanakwaya mwenzako. “Samahani dada, kuna namba sita nimezituma kwako kimakosa, naomba unirudishie, nina haraka.” Unafungua meseji za kawaida, kweli zipo, zimeingia dakika hiyohiyo. Unazinakili, unatuma, na roho yako safi kabisa.

Kilichotokea ni kwamba akaunti ya huyo shemeji ilishachukuliwa asubuhi. Anayeandika ni tapeli. Ameweka WhatsApp kwenye simu yake, akaandika namba yako badala ya yake, na WhatsApp yenyewe, kwa utaratibu wake halali, ikatuma namba sita kwenye laini yako ili ijue kama kweli laini hiyo anayo yeye. Hana laini, kwa hiyo anakuomba wewe uzisome kwa niaba yake. Ukituma tu, WhatsApp yako inafungwa mkononi mwako na yeye anaingia kwenye magrupu yako. Hapo hana shida tena na wewe. Anawageukia wanakikoba: “Jamani nimekwama hospitali, anayeweza anitumie laki mbili, kesho asubuhi narudisha.” Jina la namba ya kutumia pesa ni geni, lakini picha ni yako. Mpaka ukimbie kwa jirani kuazima simu utangaze kwamba si wewe, watu wawili watatu wameshatuma.

Ile meseji ya WhatsApp yenyewe inaonya kwamba usimpe mtu namba hiyo. Tatizo ni kwamba macho yetu yakiona tarakimu yanakwenda kwenye tarakimu. Maneno yanabaki pale hayajasomwa, hasa yakiwa ya Kiingereza.

Kuna na wale wanaopiga. “Mimi ni wa huduma kwa wateja, laini yako inataka kufungwa, nitajie namba iliyoingia sasa hivi.” Mitandao ya simu hapa Tanzania imekuwa ikitangaza kwamba ikimpigia mteja wake hutumia namba 100. Hizi zinazoanza na 07 na 06 ni za watu binafsi kama mimi na wewe, hata mpigaji akiongea Kiswahili cha ofisini kiasi gani. Wengine hawakuombi kusoma chochote. Wanakuambia ubonyeze nyota nyota 21, nyota, kisha namba fulani, kisha reli, ati urekebishe mtandao. Usibonyeze. Hiyo ni amri ya kuhamisha simu zako zote ziende kwenye namba yao, na WhatsApp ikishindwa kwa meseji huwa inapiga simu na kuitaja namba kwa sauti. Umeshabonyeza? Bonyeza reli reli 002 reli, uhamisho wote unafutika.

Na kama akaunti imeshakwenda, usianze kulumbana na tapeli. Futa WhatsApp, ipakue upya, andika namba yako, subiri namba sita ziingie kwenye laini yako, ziandike mwenyewe. Yeye anatolewa papo hapo, kwa sababu akaunti moja haiwezi kusajiliwa kwenye simu kuu mbili. Shida inakuja kama alikuwa mwepesi akaweka namba ya siri ya hatua ya pili, ambayo huijui. Hapo utasubiri siku 7 ndipo WhatsApp ikuruhusu kuingia bila hiyo namba. Siku hizo 7 na yeye hawezi kuitumia, kwa maana umeshamtoa, lakini ni wiki nzima ya kuwaeleza watu. Ndiyo sababu nasema hiyo namba ya siri ya hatua ya pili iweke wewe kabla hajaja wa kuiweka. Iko kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, na haichukui hata muda wa basi kutoka Kimara Mwisho kufika Ubungo. Namba ya tapeli itume kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kupitia 15040, bure. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo na watu wamefikishwa mahakamani. Ila kama ulishatuma pesa, mpigie kwanza mtoa huduma wako wa pesa, hayo mengine baadaye.

Tukitoka kwa matapeli, wengi wanaofungiwa nje ya akaunti zao hawakuibiwa na mtu yeyote. Wamefungiwa kwa sababu namba ya uthibitisho inakwenda mahali ambapo wao hawapo. Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu habari hii ni yetu ya pembezoni mwa jiji, haisemwi sana kwenye semina za usalama wa mtandao zinazofanyika hotelini.

Nenda steshenari yoyote karibu na stendi, msimu wa maombi ya mikopo ya Bodi ya Mikopo au tangazo la ajira likitoka. Vijana wamejaa, na wazazi wamekuja na bahasha za vyeti.

“Una email, mama?”

“Sina, mwanangu.”

“Nakufungulia, buku mbili. Namba ya simu?”

“Simu nimeiacha nyumbani inachaji.”

“Basi naweka ya kwangu, utakuja kubadilisha.”

Hakuna anayekuja kubadilisha. Neno la siri kijana anakuandikia nyuma ya risiti, na mara nyingi ni hilohilo alilowawekea wateja wote wa siku hiyo. Fomu inajazwa, inachapishwa, watu wanaondoka wameridhika. Mwaka unapita. Siku Ajira Portal inasema usaili ni wiki ijayo, ingia kwenye akaunti yako, Google inakuta simu mpya haijawahi kuiona na inasema imetuma namba ya uthibitisho kwenye simu inayoishia na tarakimu mbili fulani. Si zako. Ni za kijana wa steshenari, naye alishahama, steshenari sasa ni duka la nguo za mtumba.

Yule kijana hakuwa mwizi. Alikuwa anawahi foleni. Lakini kwa Google, mwenye ile akaunti ni yeye, na huko hakuna dirisha la kwenda kulia ukasikilizwa. Ongeza na hili: tangu Desemba 2023 Google imekuwa ikifuta akaunti za watu binafsi zilizokaa miaka 2 bila kutumika. Barua pepe iliyofunguliwa kwa ajili ya fomu moja tu ndiyo ya kwanza kupotea.

Kwa hiyo, wewe uliyefunguliwa akaunti na mtu, na bado unaweza kuingia, ingia usiku huu. Tazama sehemu ya usalama, angalia namba ya simu ya kurejeshea akaunti ni ya nani, weka yako, toa ya kijana, badilisha neno la siri. Nanyi vijana wa steshenari mnaonisikiliza, najua mpo na redio zenu ziko wazi: mteja asiye na simu mkononi mwambieni arudi kesho. Buku mbili yake haitakimbia.

Halafu kuna laini yenyewe. Mnakumbuka mwishoni mwa 2019, zile foleni za kusajili laini kwa alama za vidole. Mwisho ulikuwa tarehe 31 Desemba, Rais Magufuli akaongeza siku 20, hadi tarehe 20 Januari 2020. Tuliona usumbufu, na ulikuwepo, kwa sababu vitambulisho vya NIDA vilikuwa havijawafikia wengi. Lakini kuanzia hapo, ukipoteza simu Kariakoo unaweza kwenda dukani, ukaweka kidole, ukarudishiwa namba yako ileile, na mtu mwingine asiye na kidole chako apate taabu kuichukua. Kama laini unayotumia imesajiliwa kwa jina la mume uliyeachana naye, au la mwajiri wa zamani, au la rafiki aliyekuazima kitambulisho wakati chako hakijatoka, ujue kila akaunti uliyoifunga na namba hiyo iko chini ya kidole cha mtu mwingine. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta usiyoijua, huenda ni yule wakala wa laini wa chini ya mwamvuli aliyekuambia “haijasoma, weka tena kidole.” Nenda duka la mtandao huo ukaiondoe.

Na laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, kisha kampuni humpa namba hiyo mteja mwingine. Huyo mteja ataanza kupokea namba zako za uthibitisho bila hata kuziomba. Ukiamua kuachana na laini, hamisha kwanza akaunti zako kwenda kwenye mpya wakati ile ya zamani bado inapokea meseji. Ukishaivunja, umechelewa.

Sasa, namba imeombwa na haiji. Hili ndilo linaloniletea meseji nyingi kuliko yote.

Angalia kwanza ulivyoandika namba yako. Tovuti nyingi zimeshaweka +255 pale mbele, na mtu anaandika sifuri saba na kuendelea, hivyo namba inakuwa na sifuri ya ziada na ujumbe haufiki popote. Toa sifuri. Pili, acha kubonyeza “tuma tena” kama mtu anayegonga geti. Kila ukibonyeza, namba iliyotangulia kwa kawaida inakufa. Zikija zote tatu kwa mkupuo, nawe ukaandika ya kwanza, itakukatalia, na unaanza kulaumu mtandao. Ukizidisha, wanakufungia saa kadhaa. Subiri, kisha tumia ya mwisho kuingia.

Sisi tunaokaa mabondeni, Bonyokwa, Golani na kule Kilungule ukishuka, tunajua kwamba kuna chumba kimoja cha nyumba chenye mtandao na vingine havina. Washa hali ya ndege, hesabu mpaka kumi, zima, panda juu barabarani kama inabidi. Kwenye simu za Android, fungua pia folda ya meseji taka na zilizozuiwa. Wengi wetu tumechoka na matangazo ya bahati nasibu tukazuia kila mtumaji asiye na namba ya kawaida, na namba za uthibitisho huja kwa njia hiyohiyo, jina badala ya namba, kwa hiyo nazo zimefungiwa humo. Na wenye laini mbili, hakikisheni ile iliyoombewa ndiyo iliyowashwa. Siyo mzaha, inatokea.

Kuna njia isiyohitaji meseji kabisa, na kwa barua pepe yako kuu naipendekeza kuliko meseji. Ni programu kama Google Authenticator. Siku ya kuiweka, simu yako na Google wanapeana siri moja, kwa kupiga picha ile alama ya miraba. Kuanzia hapo kila upande unachukua ile siri, unaichanganya na saa ya wakati huo, na kupata tarakimu sita zinazobadilika kila sekunde 30. Kanuni yake ilichapishwa mwaka 2011 na inahesabu muda tangu tarehe 1 Januari 1970. Hakuna kinachotumwa, kwa hiyo haili bando, haihitaji mtandao, hata bondeni inafanya kazi, na aliyekuibia laini hapati kitu. Hili la kuibiwa laini siyo la watu wadogo tu. Agosti 2019 wezi walichukua namba ya simu ya Jack Dorsey, mkuu wa Twitter wakati huo, wakaandika matusi kwenye akaunti yake mwenyewe, kwenye kampuni yake mwenyewe.

Hata namba za LUKU hutengenezwa kwa hesabu ya muda ya namna hiyo. Mwaka 2024 TANESCO ilipotuletea namba za ziada za kuingiza kabla ya zile za umeme, watu walinung'unika, lakini sababu ilikuwa hesabu. Kila namba ya umeme wa mita za aina hiyo, hapa na duniani, ilikuwa inabeba hesabu ya dakika tangu mwanzo wa 1993, na nafasi ya kuzihesabia ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024.

Tukirudi kwenye Google Authenticator, namba yake ikikataliwa wakati una uhakika umeandika sawa, tazama saa ya simu. Hapa Kimara wako wengi wanaosogeza saa mbele dakika kumi ili wasiachwe na basi la asubuhi. Basi wanawahi, lakini tarakimu wanazopata ni za dakika kumi zijazo, na Google haizitambui. Rudisha saa iwe ya kujipanga yenyewe kutoka kwenye mtandao. Kama unataka kuwahi, amka mapema.

Simu yenye programu hiyo ikipotea? Google inakupa namba 10 za akiba, kila moja ya tarakimu 8, kila moja ya kutumika mara moja. Zinakili kwenye karatasi. Si kwenye simu hiyohiyo, na si picha kwenye grupu la familia. Weka pamoja na hati ya kiwanja, au kwa wengi wetu huku, pamoja na ile karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Ile ambayo huwa haipotei hata nyumba ikivuja.

Nimalizie na jambo ambalo watu hawapendi kulisikia, laini ya marehemu. Msiba ukiisha, simu ya mzee anapewa mjukuu, laini inatupwa kwenye droo au inavunjwa. Wiki mbili baadaye familia inatafuta taarifa za benki, za kikoba, za kiwanja kilichokuwa kinalipiwa kidogokidogo, na kila mlango unatuma namba ya uthibitisho kwenye laini iliyovunjwa. Wengine wanakwenda kinyume: wanaijua namba ya siri ya mzee, wanatoa pesa iliyobaki kwenye simu siku ileile ya mazishi, halafu ndugu wa Moshi au wa Songea wanakuja kuuliza. Pesa iliyoko kwenye simu ni mirathi kama iliyoko benki. Anayestahili kuishughulikia ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Kwa hiyo itunzeni laini, iwekeeni vocha ndogo isife, msiitumie, mpaka msimamizi apatikane.

Na ukiwa bado hai na una nguvu, Google ina sehemu ya kumtaja mtu atakayepewa taarifa za akaunti yako ikikaa kimya miezi utakayochagua mwenyewe, 3 ikiwa ndiyo michache. Mimi nimemwandika dada yangu wa Mbagala. Kama yupo kwenye redio sasa hivi, ndiyo kwanza anasikia.